Kontena la Marcy

"Kabati zito namna hii umeliweka mlangoni?" Wade aliuliza.

Wade, mume wa Marcy, alitakiwa kurudi nyumbani Dayton Ijumaa. Leo Jumatano amemkuta ndani ya kontena lililoletwa mbele ya nyumba, jasho linamtiririka. Saa tisa alasiri dreva angelipeleka Nashville, kwa Brent.

Bi Phyllis wa jirani alikuwa uani kwake, akimwagilia maua yaliyokwisha kulowa.

"Mnahama hata hamuagi, Wade? Au tumewaudhi?"

"Mambo yamekuja haraka, Bi Phyllis," Wade alijibu.

Marcy alitamani mlango wa kontena ujifunge naye ndani. Jirani alipoingia kwake, Wade aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani?"

Akamtajia. Wade aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa kesho kuna mvua. Kisha akavua koti, akaanza kushusha vitu vyote apange upya. Alimweleza kwamba vizito hutangulia ukutani kule ndani, vyepesi huja juu, na kila safu hufungwa kamba. La sivyo lori likishika breki, kabati la bibi yake Marcy litageuka kuni. Akalifunika kabati hilo kwa blanketi la kitanda chao.

Marcy alivuta kamba alipoambiwa avute. Laiti angemtukana.

Walipomaliza, Marcy alilipiga kontena picha, akamtumia Brent. Jibu likaja upesi:

"Kontena zima? Nilidhani unakuja na begi. Usije wiki hii, dada yangu yupo hapa."

Brent huyohuyo aliyemwambia kwao kazaliwa peke yake.

"Dada gani?" aliandika. Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa.

Wade alikuwa amekwisha kutia kufuli. Akamkabidhi funguo zote mbili.

"Hanitaki, Wade."

"Nimeona uso wako."

"Ulijua naenda kwake, bado ukanipakilia?"

"Sikupakia ili ubaki. Nimepakia ili visivunjike."

Neno hilo lilimchoma kuliko kofi. Wade akaingia ndani.

Dreva alipofika, Marcy alimwambia safari imevunjika. Yule akasema sawa, ila kesho asubuhi atalichukua, alikute tupu.

Akafungua kufuli, akaanza kushusha peke yake, mchana kweupe. Mapazia ya mtaa mzima yaliota macho. Bi Phyllis alirudi na mpira wake wa maji.

"Kulikoni tena, binti? Si mlikuwa mnahama?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Marcy akaumeza.

"Nilikuwa namkimbia mume wangu, Bi Phyllis. Yeye hakuwa na habari. Alikuwa ananisitiri tu."

Bi Phyllis alifunga maji, akaingia ndani.

Kufikia jioni lilibaki kabati tu, kule ndani kabisa ambako Wade aliliweka. Alilisukuma kwa bega, halikutikisika. Akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye blanketi lao, akalia.

Mlango wa nyumba ukasikika ukifungwa. Wade aliingia kontenani bila kumtazama.

"Utalala chumba cha wageni."

"Nitalala."

"Sijui kwa muda gani."

"Sijauliza."

Wade aliinama, akashika mguu mmoja wa kabati.

"Haya, shika upande wako."