Springi ya Namba Nne

Kitambaa cha kumi na moja kilitoka mtutuni cheusi kama cha kwanza, na hapo ndipo Bisibisi alipoacha kupiga mluzi.

Miaka tisa mwanamke huyu alikuwa fundi wa silaha wa kituo kile cha polisi. Jina hilo walimpa askari wenyewe, maana hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi nyuma ya sikio. Bastola nane za ghala alizijua kwa tabia zake. Namba moja na mbili zilikuwa na adabu, hazikumsumbua mtu. Namba tano ilikuwa ya gurudumu la risasi, na skrubu zake zilipenda kurukia chini ya meza, umtafute mchawi wako huko. Namba saba haikubali kufunguka mpaka uminye kifyatulio kwanza, kwa hiyo unachungulia mara tatu kama ina risasi, la sivyo utaaga dunia ukiwa umeshika kitambaa. Namba nne ndiyo ilikuwa mgeni. Kongwe, nzito, ya kiwanda kilichokufa zamani, na leo ndiyo kwanza aliigusa.

Miaka yote ilikaa ndani ya kasha ikiwa haina springi ya kifyatulio. Springi yenyewe, kidude kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ilikuwa pembeni kwenye kikopo cha bati. Juu ya kikopo fundi aliyemtangulia alikuwa ameandika neno moja kwa rangi nyekundu: USIRUDISHE.

Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alisema bastola hazitoshi. Namba nne irudi kazini, akabidhiwe askari mpya anayeingia zamu saa nane mchana. Askari mpya mwenyewe alikuwa Kijiti, mdogo wake Bisibisi wa kiume, tumbo moja, mtoto aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao alipofariki.

Watu walisema mengi kuhusu namba nne. Waliowahi kuibeba walikuwa wawili, na wote wawili walikutwa wamekaa mbele yake wakiisafisha, hawana jeraha, vinywa wazi, wameshakauka. Bisibisi aliposimuliwa alicheka. "Presha hizo," alisema. Na lile neno jekundu aliliona ni uvivu wa mzee aliyeshindwa kazi. Fundi gani anaacha bastola pungufu? Basi akaikamilisha, tena kwa maringo, akairudishia springi yake, kisha akaanza kusugua mtutu.

Kumi na mbili. Cheusi. Kumi na tatu kilitoka cheusi, tena kina joto.

"Wewe nawe una nini?" aliiuliza bastola.

Ngo, ngo, ngo.

Kidirisha cha mlango kikafunguka. Ghala lile lilikuwa na utaratibu wake: fundi anafungiwa ndani na silaha, mlango wa chuma hauna kitasa upande wa ndani, na ufunguo anakaa nao koplo nje. Ukimaliza unabisha mara tatu. Koplo anaingia, anasoma namba, anahakikisha meza ni tupu, anakupekua mpaka soksi, ndipo unatoka. Koplo wa siku hiyo alikuwa Mama Funguo, mwanamke mnene wa maneno mengi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado. Sijabisha mimi."

"Kabisha nani sasa, marehemu babu yangu?" Mama Funguo akachungulia, akakunja uso. "Halafu mwambie mwenzako aondoke mbele ya taa, mnafanyaje kazi gizani?"

Kidirisha kikafungwa. Bisibisi aligeuka taratibu sana. Taa ilikuwa inawaka. Chumbani hapakuwa na mtu, ila ukutani vivuli vilikuwa viwili.

Akakimbilia mlangoni, akaubamiza kwa viganja. "Mama Funguo! Nifungulie, nakuomba!"

"Na bastola ziko mezani? Unataka mkuu anile nyama? Maliza kazi, shoga yangu."

Harufu ikaanza kupanda, ya maua yaliyokaa siku nyingi kwenye maji, na ikatoka kwenye mtutu, si kwingine. Kisha sauti, ndogo, ya chini, kama ya mtu anayeongea mdomo ukiwa ndani ya shuka.

"Ahsante kwa kunikamilisha, dada."

Lililokuwa mtutuni lilikuwa limechukua sauti ya Kijiti, ile ile, na kile kikwazo chake kidogo kwenye herufi ya s. Bisibisi akaegemeza mgongo mlangoni.

"We nani?" alinong'ona.

"Wa saa nane ananifaa. Bado kijana. Nitakaa kwake muda mrefu kuliko nilivyokaa kwa wale wawili."

Saa ya ukutani ilionyesha saba na nusu.

Uoga ulimjaa, lakini mdogo wake alipoguswa, hata bila kutajwa jina, hasira ikauzidi uoga. Alikaa kwenye kigoda, akaivuta namba nne, akaanza kuifungua, na bastola ambayo asubuhi ilifunguka kama kopo la sukari sasa ilikaza kila kiungo, pini ikakataa kusogea, chuma kikachemka mpaka ngozi ya kidole gumba ikabaki juu yake, na kila alipogonga pini kidogo kidogo kwa nyundo ya shaba yule mwenye kivuli cha pili ukutani naye aliinua nyundo yake, akachelewa kidogo kuishusha, halafu akasogea hatua moja karibu na kigoda, na pumzi yenye harufu ya maua mabovu ikampata shingoni, na ile sauti ikaendelea kumbembeleza, dada tulia, dada unaniumiza, dada mbona ulinilea halafu unanivunja, naye akilia kwa sauti bila kuona aibu, kamasi na mafuta ya bastola vimechanganyika usoni, akagonga tena, na tena, mpaka pini ikatoka, ncha ya bisibisi ikaingia, na springi ikaruka juu ya meza.

Sauti ikakatika. Kivuli kikabaki kimoja.

Alikaa akihema. Dakika kumi na tano zilibaki. Airudishe kikoponi? Mkuu angeiona, angeita fundi mwingine, na bastola ingekuwa nzima kabla ya jioni. Aitupe? Wapi? Hapakuwa na dirisha wala bomba, na Mama Funguo alikuwa na sifa ya kupata hata sindano iliyoanguka. Springi nyingine ya bastola ile haikuwepo duniani. Ikipotea hii, namba nne ni chuma tu.

Ilikuwa inatikisika peke yake mezani, taratibu.

Bisibisi aliiokota, akaiweka ulimini, akashushia na maji yote yaliyobaki kwenye chupa. Ilimkwaruza koo, kisha ikapita. Akasubiri. Hakusikia kitu. Akakusanya vipande vya namba nne, akavirudisha kashani, akafuta meza mpaka ikang'aa, akabisha mara tatu.

"Namba nne mbovu," alimwambia Mama Funguo. "Haina springi. Kikopo nimekikuta kitupu."

"Kitupu?" Mama Funguo alimpekua nywele, soksi, mishono ya nguo. Alipiga magoti na tochi chini ya meza, akainuka akigumia. "Haya. Mkuu atanuna, shauri yake. Mwandikie kijana namba saba, mwenyewe yuko likizo wiki hii. Na yule mwenzako yuko wapi?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Aa, macho yangu haya, nahitaji miwani." Alifunga ghala kwa ufunguo wake, akarudi kwenye kiti chake.

Kijiti alikuwa ukumbini hapo hapo na sare mpya inayompwaya, anacheka meno yote nje. "Dada! Umelia? Usiniambie umenililia mimi, siendi vitani bwana."

Alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka vifungo vikamchoma. Alikuwa mzima. Alikuwa na joto lake la kawaida, na harufu yake ya sabuni ya kufulia. Bisibisi akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akataka kucheka naye.

Ngo, ngo, ngo.

Kijiti akarudi nyuma nusu hatua, akamtazama tumboni. "Nini hiyo?"

Kule nyuma yao, Mama Funguo aliinuka kwa mazoea tu. Akakiendea kidirisha cha ghala alilotoka kulifunga, akainama.

"Umemaliza?" aliuliza.

Bisibisi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, akabana meno, akabana midomo. Sauti ya mdogo wake ikajibu kutoka chini ya mbavu zake.

"Bado."