Mawe Juu ya Mabati

Nyinyi vijana mnaojenga kwa haraka huku Kitengela, kaeni chini mnisikilize. Niko na miaka sabini na moja. Shule sikukaa sana, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Mume wangu alikufa miaka ya tisini, nyumba yetu ikiwa kuta tu. Aliniachia mabati, misumari na waya wa kufunga paa, waya ambao aliupaka rangi nyekundu kwa mkono wake usishikwe na kutu. Ndugu yake Mutiso akasema ataezeka. Ningekataa vipi? Si ni damu ya mume wangu!

Alipomaliza nikaona mawe yamepangwa juu ya mabati. Akaniambia huku mbugani kila mtu anaweka mawe, waya hauna kazi. Nikaamini...

Mchana mmoja, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, tuliona vumbi linazunguka upande wa Isinya. Vumbi kama hilo tumelizoea, watoto hukimbilia katikati yake wakicheka. Lakini jirani yangu Naserian alikuja mbio, shuka kichwani.

"Yeyo, mama, hiyo si ya watoto. Toka kwa nyumba!"

Nilitoka. Binti yangu Mwende alikuwa ndani, ananyonyesha. Nilimwita, upepo ukameza sauti yangu. Mabati yakalia kama ng'ombe anayechinjwa, yakainuka... Na mawe je? Mawe hayaruki, wanangu. Yaliangukia ndani!

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilichimba kwa kucha. Nilisikia mtoto analia, mama yake kimya... Mwende alikuwa amemfunika kwa mwili wake. Nikaweka sikio kifuani mwa Mwende. Anapumua! Lakini mguu ulikuwa umepondeka, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Mahindi yote yalilala chini. Tukambeba Mwende hadi kwa Mutiso, nyumba ya pekee iliyobaki na paa. Nikainua macho. Waya mwekundu! Umefungwa kwenye kila boriti.

Mutiso akaona nimeona. Akasema polepole, "Mama Mwende, nilidhani mawe yatatosha."

Nikamgeuzia mgongo, nikamlaza Mwende.

Vijana, mtu akikujengea, panda juu ujionee, hata akiwa ndugu. Msiogope kumwaibisha. Ogopeni upepo.

Kesho yake niliwaita watu wa nyumba yangu. Nikawaambia: "Mawe yaliyobaki juu ya kibanda cha jikoni yashuke kabla mtu hajala. Na hili lililomvunja Mwende, liwekeni mlangoni. Baba yenu mdogo akija, atakaa hapo. Asipewe kiti."