Njia ya Mizinga Kumi na Mmoja

Theopista ni jirani yangu hapa Inyonga, ukuta kwa ukuta. Mimi ni fundi cherehani, na mtu akiniletea habari za wachawi huwa namwambia anipishe nifanye kazi. Hii nimeikubali kwa sababu moja tu, nitaisema mwishoni, na bado inanikera kuikubali.

Ilikuwa Septemba, miaka mitatu iliyopita, wakati miombo inapukutisha majani makavu na kuchipua mapya mekundu. Enoka, mume wa Theopista, ni mrina asali. Kipindi hicho warina hupita kukagua mizinga, wanasafisha iliyo mitupu na kuipaka nta ili nyuki wahamie. Kazi inataka watu wawili, mmoja juu ya mti, mwingine chini ashike kamba. Mwenzake alikuwa msibani Mpanda, kwa hiyo Enoka akamwomba mkewe. Wakaenda kambini pamoja na mama yake Enoka, Bibi Romana, ili amshike mtoto wao Providence. Mtoto alikuwa na miezi mitano, na hakuwahi kuonja kitu zaidi ya ziwa la mama yake.

Mizinga yao ni kumi na mmoja, imetundikwa kwa kuzunguka. Unatoka kambini, unafuata mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho unakurudisha kambini ulikotoka. Katikati ya mzunguko huo kuna mahame ya kijiji ambacho watu wake walihamishwa zamani za mkoloni kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Wazee wanasema waliozidiwa wakashindwa kutembea waliachwa humo. Ndiyo maana ukoo wa Enoka una mwiko mmoja: ukianza kuzunguka, unamaliza kwa kuzunguka. Hukati katikati, hata kama unauona moshi wa kambi.

Theopista alimnyonyesha mtoto saa tatu asubuhi, wakaondoka. Mzinga wa tatu waliukuta umepasuka, wakakaa kuufunga kwa magome. Saa sita ikawakuta kwenye mzinga wa saba, na hapo maziwa yakaanza kuvuja, yakalowesha blauzi. Aliyewahi kunyonyesha anajua. Ziwa likivuja hivyo, mtoto huko aliko analia.

"Baba Provi," alimwita mumewe aliyekuwa juu ya mti, kwa sauti ya chini, maana nyuki hawapendi kelele. "Mtoto analia. Natangulia."

"Bado minne tu. Ngoja nishuke."

"Nyie wanaume hamvujwi na maziwa."

Enoka akacheka kidogo. "Haya, tangulia. Ila zunguka, mama Provi. Usikate."

Akaitikia. Lakini moshi wa kambi ulikuwa unaonekana pale pale juu ya miti, karibu kabisa. Kuzunguka ni saa nzima na zaidi, kukata ni robo saa. Watu wamemsema sana kwa hilo. Mimi simlaumu, ningekata.

Mwanzoni alitembea vizuri, majani makavu yakivunjika chini ya ndala. Halafu akaacha kuyasikia. Akatazama chini. Alikuwa amesimama kwenye uwanja uliofagiliwa, na alama za ufagio zilikuwa mbichi. Miti iliyouzunguka ilikuwa inapukutisha kama kwingine kote, ila pale uwanjani hapakuwa na jani hata moja. Nyumba hakuna. Mtu hakuna.

Akaharakisha. Moshi ulikuwa mbele yake wakati wote. Alitembea muda mrefu, akatokea uwanjani tena, na nyayo zake za kwanza zilikuwa zimeshafagiliwa.

Akageuka amfuate mumewe. Mti wa mzinga wa saba hakuuona. Akaita, wala si kwa sauti ya chini tena. Enoka hakujibu. Jua lilikuwa utosini, kivuli chake kiko chini ya miguu, hakisogei. Maziwa ndiyo yaliyomwambia muda. Yalijaa, yakawa magumu, yakauma mpaka kwapani. Akajua mchana ule umemdanganya. Akakimbia. Ndala moja ikabaki miibani. Hakurudi kuichukua. Alikuwa analia kama mtoto, anarudia maneno yale yale: Provi wangu ana njaa, Provi wangu ana njaa.

Mara ya tatu, uwanja ulikuwa na mtu.

Mwanamke. Ameketi chini, amempa mgongo, miguu ameinyoosha kama mama anayenyonyesha. Mikono ameikunja kifuani. Mtoto hakuwa naye.

"Shikamoo, mama," Theopista alinong'ona. "Naomba njia. Nina mtoto mchanga."

Hakugeuka. "Analia?"

"Analia, mama."

"Anapenda ziwa lipi?"

Theopista hakufikiri. Angejibu swali lolote. "La kushoto."

"Basi pumzika. Umechoka."

Hakupumzika. Alipita pembeni bila kumtazama usoni, akakimbia, na hatua ishirini hazikufika akaiona kambi. Jua sasa lilikuwa limeshuka. Saa kumi na moja jioni.

Bibi Romana alikuwa anapepeta mchele, mtoto amelala mgongoni. Aliinua macho. "Umesahau nini tena?"

"Nisamehe, mama, nimechelewa. Provi amekula nini?"

"Amekula nini, vipi? Si umekuja mchana ukamnyonyesha?"

"Nani?"

"Wewe. Umekaa pale, umenipa mgongo. Nimekusemesha hukunijibu, nikajua nyie mmegombana huko porini. Umempa ziwa moja mpaka akasinzia, ukaondoka zako."

Theopista hakuuliza lipi. Alimfungua mtoto mgongoni kwa bibi yake, akamweka kifuani. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe. Provi akamtazama usoni. Akalitazama ziwa. Akageuza kichwa, akalia kilio cha mtoto aliyebebwa na mgeni, mikono ameinyoosha kuelekea porini.

Enoka alifika giza linaingia, amemaliza mizinga yote peke yake. Asubuhi yake walipakizana kwenye pikipiki wakarudi Inyonga, na hapo ndipo na mimi nilipoingia kwenye mambo haya. Tulijaribu kila kitu. Ziwa, hataki. Maziwa ya kopo, hataki. Uji mwepesi, anautema. Tulimpeleka zahanati tukijua tunampeleka kufa. Nesi akamweka kwenye mzani, akasema mtoto ameongezeka, mama aendelee hivyo hivyo kumnyonyesha. Theopista alikaa chini pale pale kwenye korido, akalia mpaka watu wakatupisha benchi.

Kila asubuhi alikuwa anakamua maziwa yake nyuma ya nyumba na kuyamwaga. Nilikuwa namsikia. Siku ya kumi na nne yakakauka. Miezi miwili baadaye mtoto akaanza kula uji kama watoto wengine, na watu wakasema yameisha.

Sasa Provi ana miaka mitatu na nusu, anakula ugali na dagaa vizuri tu, ananipotezea vifungo kila siku. Ila mama yake humwita kwa jina tu, Theopista, kama tunavyomwita sisi majirani. Amepigwa, amebembelezwa, amenunuliwa pipi. Neno mama halitamki mbele yake.

Septemba hii Theopista alikwenda mazikoni kijiji cha Kakese, akaniachia mtoto. Mchana nilimlaza kitandani kwangu, nikarudi kwenye cherehani. Chumba changu kina mlango mmoja, na cherehani yangu iko mlangoni hapo. Hakupita mtu. Nilimsikia Provi akisema "mama" mara moja, taratibu, kama mtoto anayeota, na mimi nikaendelea kushona.

Nilipokwenda kumwamsha alikuwa amelala chali, midomo iko wazi, na tone jeupe linateremka kidevuni. Kwangu hakuna ng'ombe, wala kopo la maziwa halijawahi kuingia. Nilimfuta kwa ncha ya kanga. Lilikuwa bado na uvuguvugu.

Theopista aliporudi aliniuliza kama mtoto alimlilia. Nikamwambia alilala vizuri.