Mstari wa Zaki

"Kizuizi kiko wapi, Duncan?"

Redio ya Motorola ilikoroma. Persis Nyamongo alikuwa ameegesha Probox yake kando ya barabara pale Sironga, bastola ya Glock kiunoni. Barabara nzima haikuwa na askari hata mmoja.

"Madam, mfumo umekihamisha. Kizuizi ni kesho," Duncan alijibu kutoka ofisini.

"Lori liko barabarani leo."

"Najua, madam. Lakini leo imefungwa kwenye kalenda."

Alitamani kuitupa redio ile kwenye shamba la chai.

Tangu makao makuu yawaletee programu ya kupanga kazi, majasusi wa Kisii hawakuwa na raha. Kila operesheni ilichorwa kwa mistari ya rangi kwenye kompyuta: kazi ipi itangulie, nani aifanye, gari lipi litumike. Persis mwenyewe alikuwa ameandika kizuizi cha Jumamosi, na askari wake. Kisha mkubwa wao, Sylvanus Nyakundi, Msabato damu, akaingia na kuifanya Jumamosi siku ya mapumziko kwa ofisi nzima. Programu haikubishana. Ilibeba kizuizi, askari na Land Cruiser, ikavipeleka vyote Jumapili.

Kompyuta haina haraka.

Zaki alikuwa nayo. Yeye ndiye jicho lao ndani ya genge la Machogu, dereva wa lori lililokuwa likitoka Gesima na bunduki chini ya magunia ya majani chai. Machogu mwenyewe alikuwa ameketi kando yake. Katika gunia mojawapo Zaki alikuwa ameficha kifaa cha kuwaelekeza wenzake. Lori likifika liendako, magunia yatafunguliwa, kifaa kitaonekana, na Zaki atauawa.

Kwenye programu, mstari wa Zaki ulikuwa unaishia Jumamosi. Persis kila alipoukumbuka aliumia.

Alimpigia Nyakundi. Simu ilikuwa imezimwa.

Bila shaka. Alikuwa makambi, ile mikutano ya Wasabato ya hemani, na makambi yalikuwa uwanja wa pili tu kutoka hapo. Persis alikimbia. Hema lilikuwa limejaa, kwaya ikiimba, magari yamesongamana uwanjani. Nyakundi, mzee wa kanisa, alikuwa ameketi mbele, karibu na maikrofoni.

Akamwinamia sikioni.

"Sabato njema, mzee. Uliifunga leo kwenye kalenda, mfumo ukaondoa kizuizi. Zaki anakuja na Machogu."

Uso wa Nyakundi ulisawijika. "Askari niwatoe wapi saa hii?"

"Ng'ombe wako ametumbukia shimoni siku ya Sabato, mzee. Utamwacha?"

Mzee alifumba macho kidogo. Kisha akashika maikrofoni. Kila muumini anaijua ile sauti ya matangazo, ya kumwomba fulani asogeze gari lake, limeziba njia. Safari hii Nyakundi aliomba kinyume: wenye magari wote wakayaegeshe barabarani, wazibe njia kabisa, kisha warudi hemani upesi.

Walinung'unika, lakini walitii. Zikaenda Probox, zikaenda Noah, ikaenda hata pikapu ya Mama Damaris wa kwaya, masufuria ya chakula yakiwa bado nyuma.

Lori likatokea kwenye kona.

Zaki akakanyaga breki. Machogu aliutazama ukuta ule wa magari, akachomoa bastola, akamgeukia dereva.

"Umeniuza wewe."

Alikuwa amechelewa. Persis, aliyejibanza nyuma ya Noah, alikuwa tayari amerukia mlango wake, mdomo wa Glock ukimgusa shingo.

"Weka chini polepole, Machogu. Watu wanaomba."

Akaiweka, Persis akamtia pingu.

Zaki alishuka, akaketi kwenye nyasi, akalia bila kujificha. Persis alimshika bega mpaka akatulia.

Kisha akatoa taarifa ofisini, na punde redio ikakoroma tena.

"Madam, najaribu kuandika kwamba umemkamata. Mfumo unakataa. Unasema kizuizi hakijaanza."

"Wacha ukatae."

"Na mstari wa Zaki unaishia leo. Nifanyeje?"

Persis alivaa miwani yake ya jua.

"Urefushe, Duncan. Uvute mpaka skrini iishe."

Akazima redio, akatembea taratibu kwenda kumwomba Mama Damaris asogeze pikapu yake, ilikuwa imeizibia njia Probox yake mwenyewe.