Kinywaji cha Ruracio Kilichonifikisha Kortini

Nina miaka arobaini na mitatu, ni muuguzi hapa Minneapolis, na sasa nimesimamishwa kazi. Kosa langu? Ukarimu!

Nyambura alikuwa zaidi ya rafiki. Tulipofika Marekani tulilala godoro moja... Basi aliponiomba ruracio, sherehe ya mahari, ya bintiye Ciku ifanyike kwangu Maple Grove, kwa kuwa apartment yake ya Eagan ni ndogo, ningekataaje?

Wakikuyu wenzangu mnajua. Siku ya mahari binti huonja kinywaji, kisha humpa babake, ishara kwamba amemkubali mchumba. Lakini Ciku alikuwa na miaka ishirini, na hapa sheria ya pombe ni kuanzia ishirini na moja! Nikamnong'oneza Nyambura kwamba nimeweka juisi ya zabibu.

Akanicheka mbele ya wamama. "Ai, wewe umekuwa mzungu lini? Mtoto ni wangu! Mwekee waini, kukiwa na shida niko hapa."

Nikaona aibu. Nikamimina kwa mkono wangu huu... Ciku alionja, vigelegele vikapigwa. Ingeishia hapo, haidhuru. Lakini Nyambura akamwongezea, na kuongezea tena! Mimi nilimwona kutoka jikoni nikipakua mukimo, nikamwacha. Si ni mamake?

Jioni Ciku aliondoka aki-drive. Karibu na kwao akamgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara. Maskini wa Mungu, mzee yule hatembei tena. Namlilia mpaka leo.

Polisi walipouliza binti alinywea wapi, Nyambura alijibu nini? Kwamba hakujua! Kwamba mimi ndiye niliyempa pombe mtoto wake, nyumbani kwangu, kisirisiri! Jamani... Nikawapigia simu wamama waliokuwa wakirekodi sherehe. Mmoja eti video ilifutika. Mwingine ameni-block hadi leo.

Sheria ya hapa haiulizi mila. Inauliza ni nani aliyempa pombe, na ni nyumba ya nani. Nimeshtakiwa, na leseni yangu ya uuguzi, niliyoisomea huku nikifanya kazi usiku, inaning'inia.

Juzi kortini Nyambura alipita karibu nami, Biblia kwapani. Unajua aliniambia nini? "Bwana asifiwe, dada."

Wapendwa, mgeni akikuita mzungu kwa kumnyima kijana pombe, kubali uzungu! Mpe soda, acha wanune. Waliopiga vigelegele walikuwa wamejaa sebule nzima. Kwenye kiti cha mshtakiwa nimekaa peke yangu.