Chupa ya Chai ya Kipimo

Pikipiki ilikata kona bila kuwasha indiketa.

Kiwembe naye akakata.

Jua lilikuwa bado halijazama, na lilimpiga usoni kama mtu mwenye deni naye. Aliikaba breki ya Honda yake, akaacha bodaboda moja na mkokoteni mmoja vipite katikati yao. Mbele, mtu wa koti jeupe aliendesha taratibu, kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Nyuma ya kiti chake alikuwa amefunga mfuko, na ndani ya mfuko ilichungulia shingo ya chupa ya chai, nyekundu, yenye maua.

Casio ya mkononi ikatetemeka. Kwa watu wengine ilikuwa saa tu. Kwake ilikuwa redio, na upande wa pili alikuwa bosi wake.

"Kiwembe. Ndege yuko wapi?"

"Anaelekea kiotani, Mjomba."

"Usimguse. Tazama anatua wapi, basi."

Ndege huyo yadini walimwita Kipimo. Ndiye aliyewapima wafanyakazi wote wa yadi ya makontena: unakojoa kwenye kopo, anachovya kijiti, vijistari vinasema kama umetumia dawa za kulevya au hukutumia. Ukikutwa nazo, unarudisha kofia na unaonyeshwa geti. Hakuna rufaa.

Kiwembe alikuwa mfagizi wa vyoo vya yadi hiyohiyo. Ndivyo kila mtu alivyojua, hata mdogo wake wa tumbo moja.

Pikipiki ikampita fundi cherehani. Ikapita duka la vocha. Ikavuka mtaro kwenye kile kidaraja cha mbao kilichovunjika ubao mmoja. Miguu ya Kiwembe ikaijua njia hiyo kabla akili yake haijakubali.

Kipimo akasimama mbele ya geti la bati la bluu.

Geti la kwao.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wake akatoka pekupeku, bado kavaa ovaroli ya yadi. Kipimo akampa chupa ya chai, na juu yake kikaratasi kilichosokotwa kama kete ya dawa. Mdogo wake akapokea kikaratasi kwanza.

Chupa akaipokea baadaye.

"Kiwembe. Ndege ametua wapi?"

Kiwembe aliizima Honda.

"Kiwembe?"

"Amenipotea, Mjomba."

"Wewe? Akupotee wewe?"

"Taa nyekundu."

Mtaa ule haukuwahi kuwa na taa za barabarani tangu uumbwe.

Mjomba aliliacha lipite. "Yale makopo uliyoyaokota kwenye pipa la taka, maabara wamemaliza. Wale madereva wa kreni waliofukuzwa wote, mkojo wao ni wa mtu mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja. Kuna mtu anakojoa kwa niaba ya yadi nzima. Kipimo anamwaga mkojo wa mtu safi, anaweka wa huyo mchafu. Kesho meli inafunga gatini, na kontena la dawa za kulevya limo. Mwenye kreni ndiye anayeamua boksi linashuka wapi: kwenye skana ya forodha, au kwenye lori lao. Wameshawaondoa wote. Amebaki Babu."

"Kesho watampima Babu."

"Na mtu wao ameshavaa glavu, anasubiri kiti. Nataka ushahidi mbele ya macho ya watu, siyo wa karatasi. Ule unga wa maabara niliokupa unao? Mtu akiunywa, haja yake inang'aa kijani chini ya tochi ya zambarau. Haumdhuru. Mtafute huyo mwenye mkojo, umnyweshe."

"Sawa."

"Na Kiwembe. Akijulikana, anakwenda na wenzake. Kazi yetu haina shangazi wala binamu."

Mawasiliano yakakatika.

* * *

Asubuhi alichemsha chai nyingi, akaweka tangawizi ya kutosha. Unga akautia kwenye birika, ukayeyuka kama haukuwahi kuwepo.

Mdogo wake alitoka chumbani akijikuna shingo. Macho yalikuwa mekundu, taya linasaga kitu ambacho hakikuwemo mdomoni. Alikuwa dereva wa foklifti. Zamu mbili mfululizo zilimfundisha vidonge vya kufukuza usingizi, na vidonge vikamfundisha mambo mengine. Kiwembe alipata riziki kwa kusoma nyuso za watu. Alishawasoma mabalozi, wauza silaha, mpaka padri mmoja wa bandia. Uso wa mdogo wake alikaa nao meza moja miezi yote hii, akausoma "uchovu".

"Dada, mbona unanitazama kama daktari wa meno?"

"Kunywa chai, usiende kazini na tumbo tupu."

Akakivuta kikombe, akakinusa. Akakisukuma mpaka kwa dada yake.

"Onja wewe kwanza."

"Heh! Nimeanza kukuroga leo?"

"Nani ajuaye? Wanawake wa siku hizi." Alicheka. Macho hayakucheka.

Kiwembe akainua kikombe, akanywa mpaka nusu. Hakupepesa jicho.

"Umeona? Sijafa. Kunywa sasa."

Akanywa. Akaongeza kingine, maana vidonge vile vinakausha kinywa. Ilipopita kama saa nzima, akachukua ile chupa nyekundu chini ya meza.

"Hiyo chupa ya nani?"

"Ya rafiki. Aliniazima."

Akaingia nayo msalani.

Kiwembe alibaki anatazama mlango ule wa mbao. Sasa alielewa yote. Kopo la kupimia lina utepe wa joto ubavuni. Mkojo ukiwa wa baridi, utepe unakusaliti kwamba hujautoa mwilini sasa hivi. Ndiyo maana ya chupa ya chai. Hakuna kinachotunza joto kama hiyo, na hakuna anayemshangaa mtu mwenye chupa ya chai kazini.

Mama alipokuwa anakata roho hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha neno moja: *mshike mdogo wako.*

Nje, pikipiki ilipiga honi mara moja.

* * *

Meli ilikuwa imeshafunga gatini. Kreni kubwa ya njano ilisimama juu ya yadi kama mnyama aliyekuja kunywa maji, na juu kabisa, kwenye kile kibanda cha vioo, alikaa Babu. Hakuwa babu wa mtu. Jina alipewa kwa sababu ya mvi na kwa sababu ya kununa.

Kando ya gati, chini ya mkono wa kreni, iliegeshwa Land Cruiser nyeupe. Ndani yake mgeni mmoja wa miwani myeusi alikula karanga, akidondosha maganda dirishani. Lori tupu lilikuwa nyuma yake.

"Babu, shuka!" Redio ya yadi ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Madam, meneja wa wafanyakazi. "Upimaji wa ghafla."

"Nina meli mgongoni!"

"Sheria ni sheria, Babu. Hata mimi nimepimwa."

"Mtu anashushwa mbinguni aje akojoe! Haya, nakuja."

Kiwembe alikuwa ameshaandaa choo. Alifunga mabomba ya maji, akamimina rangi ya bluu kwenye tangi, ili mtu asichote maji ya choo akachanganya. Kazi yake rasmi iliishia hapo. Kazi yake nyingine ilikuwa ndani ya ndoo, chini ya matambara: Beretta ndogo na tochi.

Babu akaingia chooni akinung'unika, akatoka na kopo ameliinua kama mtu aliyeshinda kombe.

"Chukua. Bado ya moto. Ukitaka na ya kesho, sema."

Madam akageuza uso pembeni, akizuia kicheko. Kipimo hakucheka. Sheria inasema kopo lifungwe mbele ya mwenyewe. Yeye akalipeleka nyuma ya pazia, "nabandika lebo tu". Chupa ya chai ilikuwa hukohuko, juu ya meza, karibu na sinki.

Kiwembe alipiga deki mlangoni. Alipiga polepole, na sabuni aliweka mara mbili.

Kipimo akarudi na kopo. Akachovya kijiti. Wakasubiri.

"Madam," alisema kwa huzuni ya kukodi, "inasikitisha."

"Nini?" Babu alimkodolea macho.

"Umekutwa, mzee."

"Mimi? Mimi ambaye hata panadoli naimeza kwa kubembelezwa?"

"Kijiti hakina chuki na mtu."

Madam alikishika kile kijiti mkononi, akakitazama kwa muda. Alipoinua kichwa, machozi yalimlengalenga. "Babu, nipe funguo."

"Mwanangu, umenijua tangu unaanza kazi hapa."

"Ndiyo maana naumia. Nipe funguo."

Babu akautoa mkono mfukoni. Funguo zililia kidogo. Mlangoni, kijana wa glavu alishausogeza mguu.

"Samahani, Madam," alisema mfagizi.

Wote wakageuka. Hakuna aliyezoea kumsikia.

"Naomba chai."

"Unaomba nini?"

"Chai, Madam. Tangu asubuhi sijaweka kitu tumboni. Daktari ana chupa nzima pale nyuma ya pazia na hajawahi kumkaribisha hata nzi."

"Kweli bwana!" Babu, pamoja na uchungu wake, alishindwa kunyamaza. "Bahili huyu! Miaka yote anabeba chupa, hata harufu ya majani hatujaipata!"

"Chai imeisha," alisema Kipimo.

"Basi hata iliyobaki chini, daktari. Au unywe wewe, sisi tutazame. Hamu itatutoka."

Jasho dogo liliota juu ya mdomo wa Kipimo.

Kiwembe alipita pembeni yake na ndoo, akavuta pazia, akaifungua chupa, akamimina kwenye kikombe. Mvuke ukapanda. Harufu nayo ikapanda.

"Yesu wangu," alisema Madam, akaziba pua.

"Karibu, daktari. Sukari kiasi gani?"

Akawasha tochi ya zambarau. Kikombe kikang'aa kijani. Akaielekeza kwenye kopo lenye jina la Babu: likang'aa kijani kilekile. Akaimulika sinki, palipomwagwa mkojo wa Babu mwenyewe.

Giza.

"Huo wa mezani si wa Babu," alisema. Sauti ya ufagizi ilikuwa imemtoka. "Babu ni safi. Na wale wote waliofukuzwa walikuwa safi."

Mkono wa Kipimo uliingia ndani ya koti jeupe, ukatoka na Glock.

Akapiga hatua moja.

Sakafu ile ilikuwa na sabuni mara mbili.

Miguu ikaenda huku, mwili ukaenda kule. Risasi ikatoboa dari. Mpini wa deki ukashuka kwenye kifundo cha mkono, *ko!*, bastola ikateleza mpaka chini ya sinki. Kabla hajaikumbuka, Beretta ilikuwa puani kwake.

"Lala hivyohivyo. Sakafu bado haijakauka."

Kijana wa glavu alikimbia. Hakufika mbali, Babu alimtegea mguu.

"Kiwembe kwa Mjomba. Chai imemwagika. Walete vijana."

"Wako njiani. Mgeni ameshtuka, Land Cruiser inawaka!"

Kiwembe akamgeukia mzee, akamtajia namba ya kontena wanalolingojea. "Babu, unaweza kupanda haraka?"

"Nimeshushwa kwa aibu. Nitapanda kwa hasira."

Akapanda. Kreni ikanguruma. Kontena lile la dawa likanyanyuka melini, likapita juu ya vichwa vya watu, likapita juu ya lori lililokuwa likilisubiri. Land Cruiser ilikuwa imeshageuza, inalifuata geti kuu kwa kasi.

Boksi likashuka mbele yake. Taratibu, kama mama anayelaza mtoto.

Breki zikalia. Mgeni alibaki ametazama ukuta wa chuma, karanga mdomoni.

"Mjomba," ikasema redio ya Babu, aliyelidaka jina hilo chooni bila kujua ni la nani, "mwambieni huyo mgeni skana iko upande wa pili. Nitamsogezea mzigo wake akiniomba vizuri."

* * *

Foklifti ilikuwa imezimwa kati ya safu mbili za makontena. Mdogo wake alikaa juu yake, funguo mkononi. Habari hukimbia yadini kuliko moto.

"Wanasema ni mfagizi wa vyoo," alisema bila kumtazama. "Wanasema mkojo uling'aa."

"Uling'aa."

"Ile chai."

"Ile chai."

Taya lake lilisaga, likasaga. "Ulikunywa na wewe, dada. Niliona ukinywa."

"Nilikunywa."

"Kipimo alinikuta nazo, akanifichia. Akasema ama nijaze chupa, ama geti. Babu ndiye alinifundisha kuendesha hii. Sikujua leo ni Babu." Akafuta pua kwa kiganja. "Wengine nilijua."

Kiwembe akapanda, akakaa kwenye bati pembeni ya kiti. Hakumshika. Alijua akimshika tu, hataweza kumwachia.

Casio ikatetemeka.

"Kazi safi, Kiwembe. Limebaki moja. Yule mwenye mkojo. Umemjua?"

Mdogo wake alimtazama sasa. Macho yaleyale mekundu, ya yule mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya kanga yake radi ikipiga.

"Ninaye hapa. Ni mdogo wangu."

"Jana hakukuwa na taa nyekundu."

"Hakukuwa, Mjomba."

"Na asubuhi ukamnywesha kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu. Ni mgonjwa. Atasema yote anayoyajua mahakamani, lakini aanzie hospitali. Asianzie selo. Kama haiwezekani, njoo uchukue na saa yako."

"Mlete mwenyewe hospitalini," ilisema sauti. "Polisi atakaa mlangoni. Hayo mengine ataamua hakimu, siyo mimi wala wewe."

Mdogo wake alimkabidhi funguo za foklifti. Walitembea pamoja mpaka getini, wakapita mbele ya wafanyakazi waliokuwa wamejipanga bila kuambiwa. Hakuna aliyezomea. Babu, juu mbinguni kwake, aliwatazama mpaka wakatoka, na hakupunga mkono.

Hospitalini walimvua ovaroli, wakampa shuka. Alipoanza kutetemeka nesi alimwomba dada atoke nje.

Kiwembe akaingia choo cha wanawake mwishoni mwa korido. Akafunga mlango. Alipomaliza, kabla hajavuta maji, akatoa tochi mfukoni, akamulika.

Kijani.

Kilekile.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akavuta maji, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaikaza Casio yake, na akatoka akitembea katikati ya korido kwa hatua zake za kila siku, kama mfagizi aliyemaliza zamu.