Anayenyonya Ukutani

Mshonaji aliipenda nyumba ile kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu: bafu lake lilikauka upesi. Angeweza kumwogesha mwanawe, akamwaga beseni zima sakafuni, akageuka kuchukua taulo, na alipogeuka tena sakafu ilikuwa kavu. Wala si kavu ya jua au ya upepo, bali kavu ya sahani iliyolambwa. Alidhani ni ufundi wa sakafu za zamani. Aliyetoka kwenye dhiki haihoji neema, naye alikuwa ametoka kwa wifi yake, ambako kila ndoo ya maji ilisemewa na kila kilio cha mtoto kiliguniwa.

"Hapa ni kwetu," alimwambia mumewe siku waliyohamia. "Afadhali nilale njaa hapa kuliko kushiba kule."

Kisha ikaja ankara ya maji.

Msoma mita aliyeileta alisimama mlangoni, akachungulia uani, akamtazama mshonaji kwa jicho la mtu aliyedanganywa mara nyingi kazini.

"Mama, hapa mnaosha magari?"

"Magari gani, kaka? Hata baiskeli hatuna."

"Basi mnajaza bahari," akasema, akamkabidhi karatasi.

Kiasi kilichoandikwa kilizidi kodi yao ya mwaka. Mumewe, mlinzi wa ghala, alirudi asubuhi kutoka zamu, akaisoma akiwa na buti moja mguuni na jingine mkononi.

"Mke wangu, tuambiane ukweli. Umefuga kiboko bafuni?"

Wakacheka. Kicheko kiliwakauka walipofunga mabomba yote, wakaenda kwenye mita iliyo karibu na geti, wakakuta gurudumu lake linazunguka kama feni.

Mwenye nyumba alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeirithi nyumba hiyo kwa mamaye. Alifika na taulo la kazi begani. Mshonaji aligundua jambo: mtu yule aliongea yote akiwa kizingitini, na kila alipokaribishwa ndani alikumbuka mteja.

"Mita inasoma nyumba, na nyumba mnakaa ninyi," alisema. "Lipeni, au rudini mlikotoka."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma mshonaji kuliko bei. Aliiona mikono ya wifi yake imeshika kiuno, akaisikia ile sauti: *Nilijua mtarudi.* Akaenda kumtafuta fundi bomba.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kuongea na mabomba kama anayembembeleza ng'ombe. Aligonga sakafu, akapapasa kuta, akapiga magoti kwenye kila kona kutafuta unyevu. Hakuupata. Bomba linapovuja, alisema, maji hayana adabu, lazima yajitokeze mahali. Hapa yalikuwa yakiingia na hayaonekani yanakotokea. Ilikuwa adhuhuri, mtaa umenyamaza kwa joto. Fundi akaweka sikio kwenye ukuta wa bafu, na ule uchangamfu ukamtoka usoni.

"Dada," alinong'ona, "hebu njoo usikilize. Usiseme neno."

Mshonaji akaweka sikio lake. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu wa shavu la mgonjwa. Ndani yake kitu kilikuwa kikinyonya. Kilivuta, kikavuta, kikameza, kikapumua kwa pua kama mtoto aliyekwisha kushiba ila hataki kuachia, kisha kikavuta tena. Aliijua sauti ile, kwa kuwa aliisikia kila siku chini ya kidevu chake mwenyewe. Na kabla hata hajaogopa, mwili wake ukamwaibisha: maziwa yakashuka yenyewe, yakailowanisha blauzi.

"Kuna nini humo?" akauliza, akijifunika mtandio.

"Panya," alijibu fundi, bila kujiamini hata yeye.

Alipopiga nyundo ya kwanza, nyundo haikulia. Ilizama kama iliyopiga unga uliokandwa, na rangi ya ukuta ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na kutoka kwenye ufa ikaja harufu nzito ya maziwa yaliyoganda, ya kuvu, ya kinywa kisichowahi kusukutuliwa, harufu iliyokaa ulimini hata baada ya kutema, na fundi, huku akiziba pua kwa bega, akaendelea kubandua plasta mpaka bomba likaonekana, na katika bomba kitundu, si ufa wala kutu, bali kitundu cha mviringo kilichotobolewa kwa msumari, na kukizunguka kitundu hicho matofali yalikuwa yamelambwa yakawa laini kama sabuni iliyotumika, yana utelezi mweupe uliochanganyika na vinyweleo vyembamba, vyembamba mno, kama vya utosi wa mtoto mchanga.

Fundi aliugusa ule utelezi kwa kidole. Mara akapiga ukelele, akavuta mkono. Kidole kilikuwa cheupe, kimenywea, kimekunjamana mpaka kwenye kiungo, kama cha mtu aliyefua kutwa nzima.

Hata hivyo alikuwa fundi, na fundi haachi tundu wazi. Akafunga kipande cha mpira, akakibana kwa waya, akaondoka akisema atarudi kuchukua vifaa vyake. Hakurudi. Asubuhi mshonaji aliukuta ule mpira kwenye tundu la maji machafu, umetafunwa kwa fizi ukawa uji, umetemwa, bado una joto.

Akaufunga kwenye kitambaa, akaupeleka kwenye kibanda cha kinyozi, akaufungua mbele yake, kati ya vitana na poda.

Kinyozi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akazima mashine, akatoka nje, akamwacha mteja na nusu kichwa.

"We bwana!" mteja alimwita. "Niende nyumbani hivi?"

Nyuma ya kibanda, kinyozi aliongea akitazama viatu vyake.

"Kipo tangu sijazaliwa, dada. Marehemu mama alikuwa akikipa maji kikombe kimoja kila jioni. Anamwaga kwenye kona ya bafu, anasema: 'Hiki chako, kesho tena.' Kikatulia miaka yote. Alipofariki nikarithi nyumba na kikombe. Kila jioni nifunge kazi, niende nikamnyweshe mtu nisiyemwona? Nikachoka. Nikatoboa bomba kwa msumari, yadondoke matone, kijihudumie chenyewe."

"Ukatoboa, ukapiga plasta, kisha ukatupangisha."

"Kitundu kidogo tu, dada."

"Na ankara ukataka tulipe sisi!"

Kinyozi akaenda kumwita bibi mmoja aliyekuwa mkunga zamani na ambaye, mikono ilipokosa nguvu za kuzalisha, alibaki na kazi ya kutuliza mambo ya namna hii. Ndiye aliyemfundisha mamaye ule utaratibu wa kikombe. Alifika akilalamikia magoti, akadai kigoda, akaingia bafuni na kuukodolea macho ukuta, ambao sasa ulikuwa umevimba kama tumbo lililovimbiwa.

"Ajabu ya Mungu," alisema. "Wa kikombe hujua mwisho wa kikombe. Wewe ulimwachia ziwa mdomoni, ukaenda kunyoa watu. Tazama alivyonona! Sasa hafukuziki, amekuwa mkubwa kuliko mlango. Huyu ni wa kuachishwa."

Akatoa shubiri kwenye kifundo cha nguo. Ndiyo hiyo hiyo ambayo mama hupaka titi ili mtoto alichukie.

"Kabla ya yote nijibuni. Mtoto akinyang'anywa ziwa moja hutafuta jingine. Humu kuna anayenyonyesha? Kama yupo, ahame leo, asirudi mpaka mwanawe aanze kutembea."

"Hakuna, Bibi," kinyozi aliwahi, maana mpangaji akihama, nani angeingia kwenye nyumba yenye sifa ile?

Bibi akamgeukia mshonaji. "Kweli, mwanangu?"

Mtoto alikuwa uani na babaye. Chini ya mtandio blauzi ilikuwa imelowa tena. Mshonaji aliuona mlango wa wifi yake, akaona nguo zake zimefungwa furushi mbele ya mlango ule, akamwona wifi akisogea pembeni taratibu ili ampishe.

"Kweli, Bibi," akasema.

Aliyetoboa ndiye aliyepaka. Kinyozi alichovya kidole kwenye shubiri, akakipeleka kwenye kitundu huku akigeuzia uso pembeni, na kile kitu kikanyonya, kikanyamaza, kikanyonya tena kana kwamba hakiamini, kisha ukuta wote ukasokotwa na kwikwi na kutapika, ukatapika maji ya miezi yote, mazito, meupe, yenye mabonge na nyuzi za makamasi, yakampiga kinyozi kifuani na kinywani, yakajaa kwenye viatu vyake, naye akaanguka humo kwa mikono na magoti, akichangia matapishi yake. Kilio kilichofuata kilikuwa cha mtoto mchanga, isipokuwa sauti ilikuwa nzito kama ya mwanamume mzima. Kikafifia. Ukuta ukanywea, ukaning'inia kama ngozi tupu.

Getini, gurudumu la mita lilisimama.

Bomba likabadilishwa, ukuta ukajengwa upya, na kinyozi, aliyenuka maziwa kwa muda mrefu hata wateja wakapungua, akakubali kuilipa ankara kidogo kidogo. Bafu likawa bafu kama mabafu mengine: lililowa, likachelewa kukauka, nalo lilikuwa na utelezi wa sabuni. Mshonaji alilipiga deki huku akiimba. Wifi alipokuja kuwatembelea, alimkaribisha kwa kiti kizuri, akamwambia, "Kaa, wifi, ujisikie uko kwako." Alikuwa ameisubiri siku ya kuyasema maneno hayo.

Alasiri moja, baada ya kushona sare za shule tangu alfajiri, alijilaza kwa ubavu, ameelekea ukutani, usingizi ukamchukua. Katikati ya usingizi alihisi kinywa kikimtafuta, kikampata, kikaanza kunyonya. Hakufumbua macho; mama mnyonyeshaji hana haja ya macho. Akauzungusha mkono, akakivuta karibu kile kimwili kinono, akawaza jinsi mwanawe alivyokuwa mzito siku hizi, na jinsi midomo yake ilivyokuwa baridi, na kwamba alihitaji kuogeshwa, kwa sababu utosi ulikuwa na utelezi, nao ulitoa harufu ya maziwa yaliyoganda na ya kuvu.

Kutoka uani ikaja sauti ya mumewe. "Haya, baba, mpigie mama makofi!"

Na mtoto wake, huko huko uani, akacheka.

Kiganja cha mshonaji kilikuwa bado juu ya utosi ule. Alitaka kujinasua, na midomo ile ikambana. Kikavuta. Kikapumua kwa pua. Na maziwa, ambayo hayajui kuchagua, yakashuka.